Dawa isiyo dawa mpaka ipite kwenye ini

Kuna matokeo ya utafiti wa mwaka 2013 ambayo hayajaniacha tangu niyasome. Wagonjwa 285 wa Ethiopia na 209 wa Tanzania, wote wakiwa hawajawahi kutumia ARV, walianzishiwa matibabu yenye efavirenzi, kidonge kile kilichozoeleka kumezwa usiku kwa sababu ya kizunguzungu na ndoto zake. Damu yao ikapimwa wiki ya 4, kisha wiki ya 16. Watanzania wakakutwa na dawa nyingi zaidi mwilini. Mpaka hapo sikushangaa, kwa kuwa jeni linalolifanya ini liwe zito kuivunja efavirenzi limeenea zaidi kwetu kuliko kwao. Kilichonishika ni hatua iliyofuata. Watafiti waliiondoa tofauti ya jeni katika hesabu: Mtanzania akalinganishwa na Mwethiopia mwenye jeni lilelile. Bado Mtanzania alikuwa na dawa nyingi.

Tena kulikuwa na jambo la pili. Kufikia wiki ya 16, kiwango cha dawa katika damu ya Watanzania kilikuwa kimeshuka kikilinganishwa na cha wiki ya 4. Kwa Waethiopia kilibaki palepale. Kidonge kimoja, jeni moja, na bado miili ya Dar es Salaam na ya Addis Ababa ilikipokea kila mmoja kwa namna yake.

Niliyasoma haya nikiwa Kasulu, mkoani Kigoma, nikifuatilia habari nyingine kabisa: abiria wa mabasi ya alfajiri wanaopita Kibondo na Nyakanazi kwenda Mwanza, kwenye hospitali ya rufaa ya Bugando, kwa ajili ya kemo. Tangu hapo mambo hayo mawili hayakutengana tena kichwani mwangu. Ikiwa kidonge cha VVU kinaweza kuwa na mwenendo tofauti katika nchi mbili za Afrika Mashariki, dripu ya saratani inafanya nini ndani ya mwili wa mtu wa Kibondo? Na anaporudi nyumbani uvimbe ukiwa umebaki vilevile, majirani wakasema dawa imemkataa, kilichoikataa ni kitu gani hasa?

Swali la Stockholm

Miongoni mwa watafiti wa kazi ile ya 2013 yumo Eleni Aklillu, Mwethiopia aliye profesa katika Taasisi ya Karolinska, Stockholm, ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Nimemfuata katika makala zake za kitaalamu, na ukizisoma kwa mfuatano unamsikia mtu mmoja anayerudia swali moja bila kuchoka: dozi hii ilipimwa kwenye mwili wa nani?

Mwaka 1996 yeye na wenzake walionyesha kwamba 29 kati ya kila Waethiopia 100 waliowapima walikuwa na nakala za ziada za jeni liitwalo CYP2D6. Ini la watu hao huzichakata baadhi ya dawa upesi mno, kiasi kwamba dozi ya kawaida huweza kuisha nguvu kabla haijamfaa mgonjwa. Ulaya Kaskazini hali hiyo ni nadra. Kwa hiyo kitabu cha dozi kilichoandikwa huko kilikuwa sahihi kwa wenyeji wake, na kwa karibu theluthi moja ya Waethiopia wale kilikuwa bahati nasibu.

Lakini kazi yake iliyonivutia kuliko zote ni ya mwaka 2002, na ili kuielewa lazima tupite London. Mwaka 1975 mtafiti Robert Smith alijitolea kumeza debrisokwini, dawa ya shinikizo la damu, pamoja na wenzake wa maabara. Wenzake hawakupata shida. Yeye presha ilimshuka vibaya, akazidiwa. Baadaye ikagundulika kwamba mwili wake karibu haukuibadilisha dawa ile hata kidogo. Kutokana na mkasa huo debrisokwini ikawa chombo cha kupimia ini: mtu anameza kidonge jioni, anakusanya mkojo wa usiku kucha, na asubuhi maabara inahesabu kiasi gani cha dawa kimebadilishwa na kiasi gani kimetoka kama kilivyoingia.

Aklillu na wenzake walikitumia chombo hicho kwa makundi mawili ya Waethiopia: wanaoishi kwao, na waliohamia Uswidi. Jeni zao zikasomwa, wenye jeni zinazofanana wakalinganishwa. Waliobaki Ethiopia walikuwa wazito zaidi kuichakata debrisokwini kuliko ndugu zao wa Uswidi. Damu moja, asili moja, jeni zilezile, ila kuhama nchi kumelibadilisha ini. Na kimeng'enya chenyewe kinachoichakata debrisokwini, CYP2D6, kitokanacho na jeni lenye jina hilohilo, ndicho ambacho wataalamu walikuwa wakikihesabu kuwa hakiyumbishwi kirahisi na mazingira. Makala ile inaelekeza kidole kwenye mazingira, na chakula kikiwa mshukiwa wa karibu.

Hapa ndipo nilipoacha kusoma nikatazama meza ya chakula cha mchana niliyokuwa nimeketia. Ugali wa muhogo, maharage, mchicha uliopikwa kwa mawese. Ndiyo meza ya nyanda hizi kuanzia Kasulu hadi Kibondo, mwaka mzima. Ini la hapa limelelewa na chakula hiki.

Namba 29

Tanzania nayo ina ukurasa wake katika kitabu hiki, ingawa ni wachache wanaoujua. Mwaka 1999 timu iliyokuwa na Profesa Amos Massele wa Muhimbili, pamoja na wenzake wa Uswidi, ilichapisha matokeo kuhusu Watanzania na debrisokwini hiyohiyo. Ilibainika kwamba uwezo wa Watanzania wa kuichakata ni mdogo kuliko ilivyotarajiwa. Miaka miwili baadaye, 2001, timu hiyo ikaeleza aina mojawapo ya jeni la CYP2D6 iliyoonekana mara kwa mara kwa Watanzania, aina inayotoa kimeng'enya chenye kasi ndogo. Katika orodha ya kimataifa ya aina za jeni hilo, ile iliyosomwa kwa Watanzania inaitwa namba 29. Namba 17, iliyoelezwa miaka michache kabla na mtafiti wa Zimbabwe, Collen Masimirembwa, nayo hupunguza kasi, nayo imeenea Afrika.

Mtu mwenye afya njema anaweza kuishi na namba 29 miaka yote asijue. Habari hubadilika siku anapopewa tamoksifeni. Hicho ni kidonge cha saratani ya matiti, miligramu 20 kila siku, kwa miaka 5 au hata 10, na kwa mgonjwa wa wilayani kina faida kubwa: hakihitaji dripu wala kitanda, kinamezwa nyumbani. Lakini tamoksifeni yenyewe ina nguvu ndogo. Nguvu yake kubwa hutoka pale CYP2D6 inapoigeuza kuwa endoksifeni. Ini zito hutoa endoksifeni kidogo. Mama anaweza kumeza kidonge chake kila siku bila kukosa, kwa nidhamu ya swala, na mwilini mwake dawa ikawa haba.

Wataalamu bado wanabishana kama uhaba huo unaongeza kweli uwezekano wa saratani kurudi, kwa kuwa tafiti za Ulaya na Marekani zimetoa majibu yanayopingana. Kwa hiyo asiwepo wa kuongeza wala kupunguza kidonge chake kwa sababu ya makala ya gazeti. Ila tukumbuke kwamba tafiti nyingi za ubishi huo zilifanywa kwa watu ambao namba 17 na 29 ni nadra kwao.

Ini linapotengeneza sumu

Tamoksifeni walau ina nguvu kidogo hata kabla ya ini. Saiklofosfamaidi haina. Dawa hii iliyoelezwa mwaka 1958 na wanakemia wa kampuni ya Asta-Werke ya Ujerumani Magharibi ni miongoni mwa nguzo za tiba ya saratani katika ukanda wetu: ipo katika mchanganyiko wa saratani ya matiti, ipo katika limfoma, na ndiyo iliyotibu watoto wengi wa saratani ya taya aliyoieleza Denis Burkitt akiwa Kampala mwaka 1958. Imimine kwenye sahani ya maabara yenye seli za saratani, seli zitaendelea kustawi kana kwamba umeziwekea maji.

Waliobuni dawa hii walikuwa na hesabu nyingine. Walitaka kuchukua kemikali za ukoo wa gesi ya haradali, silaha ya Vita Kuu ya Kwanza, na kuifunga sumu yake ndani ya umbo tulivu, wakitegemea kwamba uvimbe wenyewe ndio utakaolifungua. Ikaja kubainika kwamba mfunguaji ni ini. Watu wa Buha, nyanda hizi za Kasulu na Kibondo, wanajua kuloweka muhogo mchungu ili sumu itoke. Saiklofosfamaidi huingia kwenye ini ili sumu ipatikane.

Kimeng'enya kikuu katika kazi hiyo ni CYP2B6. Hiki ndicho kilekile kinachoivunja efavirenzi. Jeni lililochangia Watanzania wabaki na ARV nyingi katika damu ndilo linaloamua, pamoja na mengine, saiklofosfamaidi itageuzwa kwa kasi gani. Katika efavirenzi, ini zito maana yake dawa nyingi. Katika saiklofosfamaidi, ini zito laweza kuwa na maana kinyume: dawa iliyotundikwa ni nyingi, iliyozaliwa ni kidogo.

Kuna kingine kinachozaliwa humohumo. Saiklofosfamaidi inapopasuka hutoa sumu inayoua seli na pia akrolini, taka kali inayokwenda kwenye kibofu na kukichubua mpaka mkojo uweze kutoka na damu. Ndiyo sababu mgonjwa anaambiwa anywe maji mengi na akojoe mara kwa mara siku ile na inayofuata. Ushauri huo ni mwepesi kwa anayekaa Mwanza. Kwa anayepanda basi kurudi Kibondo ni mtihani: ama anywe maji amwombe dereva asimame kila mara mbele ya abiria wote, ama avumilie kiu hadi stendi. Wengi, hasa akina mama, huchagua kiu. Lami ya Nyakanazi na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025 vimefupisha safari, lakini kibofu hakijui daraja.

Addis Ababa, wagonjwa 249

Mwaka 2019 Aklillu alirudi kwenye swali lake, safari hii katika saratani. Yeye, Jemal Hussien Ahmed na wenzao walifuatilia wanawake wa Ethiopia 249 wenye saratani ya matiti waliokuwa wakitibiwa kwa mchanganyiko wenye saiklofosfamaidi. Walisoma jeni za vimeng'enya kadhaa, wakahesabu chembe nyeupe za damu duru baada ya duru. Jeni lililojitokeza halikuwa CYP2B6. Lilikuwa jamaa yake asiyesemwa sana, CYP2J2, katika aina inayoitwa namba 7. Wenye namba 7 walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya damu yao kushuka kutokana na kemo.

Matokeo hayo yana nusu ya pili, na kwangu ndiyo nzito. Wanawake haohao ndio walioishia kupata dozi pungufu kuliko ile iliyopangwa. Utaratibu wake unajulikana kwa kila aliyewahi kuuguza mgonjwa wa kemo. Picha kamili ya damu inapimwa kabla ya dripu. Chembe nyeupe zikiwa chini, dripu inaahirishwa au inapunguzwa, kwa sababu mwili bila chembe hizo hauna kinga hata dhidi ya homa ndogo. Daktari yuko sahihi kuahirisha. Lakini uvimbe nao unapata wiki ya kupumua.

Kwa mgonjwa wa Kasulu, wiki hiyo ina bei ya ziada. Ameuza gunia la maharage, amelala kwa ndugu Mwanza, amepanga foleni ya maabara, na jibu ni kwamba chembe zimeshuka, arudi baada ya siku kadhaa. Akipata nauli atarudi. Asipopata, kuahirishwa kwa wiki moja kunakuwa mwezi. Kuna aliyezaliwa na jeni linalomwahirishia dozi, akazaliwa pia katika wilaya inayolirefusha ahirisho hilo. Tukimpoteza, kwenye jalada itaandikwa kwamba alikacha matibabu.

Uvimbe nao una akili zake

Ini si mshukiwa pekee. Mwaka 1984 John Hilton wa Marekani alichunguza seli za saratani ya damu za panya zilizokuwa sugu kwa saiklofosfamaidi, akakuta zimejaa kimeng'enya kinachoitwa aldehidi dihaidrojenasi. Kimeng'enya hicho huidaka dawa ikiwa imebakiza hatua moja kuwa sumu, na kuigeuza kuwa kitu kisicho na madhara. Ini limefanya kazi yake, damu imeisafirisha, dawa imefika mlangoni mwa seli, na hapo inanyang'anywa silaha.

Njia nyingine iligunduliwa Toronto mwaka 1976 na Rudolph Juliano na Victor Ling: protini inayokaa kwenye ukuta wa seli na kuzisukuma dawa nje mara tu zinapoingia. Inazitupa hata dawa ambazo seli haijawahi kukutana nazo, ikiwemo doksorubisini, na vinkristini itokanayo na mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi na meupe unaopandwa kama pambo katika bustani zetu nyingi. Jeni la pampu hiyo linaitwa ABCB1. Msomaji aliye makini atakumbuka kwamba sijalitaja mwanzoni, na ilinipasa: katika utafiti ule wa efavirenzi wa 2013, jeni jingine lililoonekana kuongeza dawa katika damu, na lililoenea zaidi kwa Watanzania, lilikuwa aina mojawapo ya ABCB1.

Kwa hiyo nyuma ya mgonjwa mmoja ambaye dawa imemkataa kuna angalau visa vinne. Pengine ini lake halikuitengeneza dawa ya kutosha. Pengine liliizalisha kwa namna iliyoangusha damu yake, dozi ikapunguzwa. Pengine uvimbe umejifunza kuivunja au kuisukuma nje. Pengine alikosa nauli. Kila kisa kina tiba yake: kuongeza dozi, kulinda damu, kubadili dawa, kumlipia basi. Ukimtazama tu kitandani, vyote vinne vinafanana.

Ini la hapa

Kasulu na Kibondo zina sababu za pekee za kuuliza. Nyanda hizi ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, lakini malaria haijaogopa mwinuko huo, na dawa mseto ni jina la kawaida katika kila nyumba yenye watoto. Dawa za ukoo wa artemisinini zimeonekana kukiamsha CYP2B6, kimeng'enya kilekile cha saiklofosfamaidi. Rifampisini ya kifua kikuu huamsha vimeng'enya vya ini kwa nguvu zaidi. Efavirenzi nayo, iliyotumiwa kwa miaka mingi kabla ya nchi kuhamia dolutegraviri kuanzia 2019, ilikuwa ikijiamshia ini yenyewe, na ndiyo maelezo ya kiwango kile kilichoshuka kwa Watanzania kufikia wiki ya 16. Mtoto anayetibiwa malaria juma hili na kutundikiwa saiklofosfamaidi juma lijalo anaingia kwenye dripu na ini la namna gani?

Tena hapa hakuna ini moja. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imewapokea Wakongo tangu 1996, na baadaye Warundi. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena 2015 kwa ajili ya Warundi. Wapo waliokulia humo, wakala mgao wa unga wa mahindi na mbaazi badala ya chakula cha wazazi wao. Ikiwa Mwethiopia wa Uswidi anatofautiana na nduguye aliyebaki Ethiopia kwa sababu ya anachokula na anakoishi, Mbembe aliyezaliwa Nyarugusu anafanana na nani: binamu yake aliyebaki Fizi, au jirani yake Muha wa Makere? Orodha za dozi hazimjui hata mmoja wao. Zinauliza kilo na urefu, basi.

Somo la Aklillu, kwa jinsi ninavyolielewa, halisemi kila Mwafrika apewe dozi nusu au dozi mara mbili. Linasema hakuna ini la Kiafrika. Kuna ini la Dar es Salaam na la Addis Ababa, na hata Addis Ababa kuna lenye nakala za ziada na lisilo nazo. Anayetaka kujua ini la Kasulu hana budi kulipima Kasulu.

Na kupima kwenyewe kumeshafanyika Ethiopia, kwa wanawake 249 na hesabu ya damu ambayo kila kliniki ya kemo huifanya kwa vyovyote. Bugando wagonjwa wa Kigoma wapo na majalada yao yapo. Muhimbili ndiko walikotoka walioshiriki kuieleza dunia namba 29 ni nini. Sasa mgonjwa wa Kibondo anaporudishwa kwa mara ya tatu kwa sababu chembe nyeupe zimeshuka, nani mwenye jukumu la kuuliza kama tatizo ni uvimbe wake, ini lake, au dozi iliyokadiriwa kwa mwili wa mtu mwingine? Na asipokuwepo wa kuuliza, kwa nini lawama tunambebesha yeye?